Ridhaa Haitolewi kwa Muhuri: Idara za Kiswahili na Mafunzo ya Maadili ya Utafiti

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayekwenda kukusanya data ya fasihi simulizi katika eneo la Sotik, Kaunti ya Bomet, hupitia milango mingi kabla ya kumfikia fanani wake. Huanza na barua ya idara. Hufuata leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ijulikanayo kwa kifupi kama NACOSTI. Akiisha kuipata, hutakiwa kujitambulisha kwa Kamishna wa Kaunti. Kisha huteremka hadi kwa naibu wake katika kaunti ndogo, kwa chifu, kwa naibu wa chifu, na hatimaye kwa mzee wa kijiji ambaye humwongoza mpaka nyumbani kwa bibi anayesifika kwa ngano na nyimbo. Kufikia hapo, watu kadhaa wenye vyeo wamekwisha kukubali kwamba bibi huyo atahojiwa. Yeye mwenyewe hajaulizwa.

Si haki kumlaumu mwanafunzi. Amefanya barabara yale aliyofunzwa. Chuo kimemfunza kwamba utafiti halali ni ule wenye mihuri, naye ameitafuta mihuri hiyo kwa jasho na nauli. Jambo ambalo hakufunzwa ni namna ya kukaa mbele ya mtu asiye na muhuri wala cheo na kumweleza, kwa lugha anayoielewa, kwamba ana uwezo wa kukataa. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba vyuo vikuu vya Afrika Mashariki havina budi kujenga programu za kuwafunza watafiti wao kuzingatia sheria na maadili ya utafiti, na kwamba idara za Kiswahili zina wajibu wa kujijengea programu hizo kwa lugha yao na kwa mifano ya taaluma yao, badala ya kungoja kuazima zile za vitivo vya tiba.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa inatofautisha mambo matatu ambayo mtafiti chipukizi huyachanganya. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka ya kisheria. Ruhusa hutolewa na yeyote aliye juu ya mwingine: mwalimu humpa mwanafunzi ruhusa ya kutoka darasani, na mzazi humpa mtoto ruhusa ya kwenda kucheza. Ridhaa haitoki juu. Neno hili lina nasaba moja na radhi na kuridhika, nalo linahusu moyo uliotulia juu ya jambo baada ya kulifahamu. Ndiyo maana bibi arusi huulizwa ridhaa yake hata baada ya wazee kukubaliana juu ya mahari. Katika utafiti, serikali hutoa idhini na chifu hutoa ruhusa, ila hakuna kati yao awezaye kutoa ridhaa kwa niaba ya fanani. Mafunzo ya sasa yanamwezesha mwanafunzi kupata mambo mawili ya kwanza. Hili la tatu huachwa aligundue mwenyewe, tena mara nyingi baada ya kosa.

Haiwezi kudaiwa kwamba sheria zimekosekana. Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi na Teknolojia ya mwaka 1977 ilileta Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013, iliyounda NACOSTI na kufanya utafiti usio na leseni kuwa kosa. Mwaka 2016 ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, ambayo inaitambua jamii kuwa mmiliki wa nyimbo, hadithi na miviga yake, na kumtaka anayetaka kuzitumia apate ridhaa ya wenyewe mapema, wakiwa wameelezwa kinaganaga. Mwaka 2019 ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Data. Sheria hii inaorodhesha taarifa zinazohitaji uangalifu wa pekee, na miongoni mwake zimo asili ya kikabila, imani, mali, hali ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na wenzi wa ndoa.

Msomaji na aifungue tasnifu ya fasihi simulizi katika kurasa zake za mwisho. Si ajabu akakuta kiambatisho chenye orodha ya wasailiwa: jina, umri, ukoo, kijiji, dini, pengine na idadi ya wake na watoto. Kozi ya mbinu za utafiti humfunza mwanafunzi kuipanga orodha hiyo vizuri. Ni nadra imweleze kwamba karibu kila safu ya jedwali lake imetajwa na sheria kuwa jambo la kulindwa. Zamani tasnifu ilikaa rafuni, ikasomwa na wachache. Siku hizi hupakiwa katika hazina ya kidijitali ya maktaba, na mtu aliye popote duniani anaweza kuitafuta kwa jina la kijiji.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, inafaa kurejea Sotik, kwa sababu Wakipsigis wa huko si wageni wa kuulizwa maswali. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipeleka jeshi dhidi ya watu wa Sotik. Watu waliuawa na mifugo ikatwaliwa. Baadaye sehemu ya ardhi yao iligeuzwa kuwa mashamba ya walowezi. Mwaka 1939 J. G. Peristiany alichapisha kitabu kuhusu asasi za kijamii za Wakipsigis. Mwaka 1961 kikatoka kitabu cha Ian Orchardson, aliyeishi miaka mingi miongoni mwao. Katika miaka ya 1980 Monique Borgerhoff Mulder alichunguza mahari katika eneo la Abosi, na matokeo yake yangali yananukuliwa na wanaanthropolojia wa nchi mbalimbali. Kazi hizi zina manufaa yake kwa taaluma. Hata hivyo, zote ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo bibi aliyeimba au mzee aliyehesabu ng'ombe wake wa mahari hakuwa na njia ya kuisoma. Mwanafunzi wa Kiswahili anapobisha hodi leo, anaingia katika nyumba ambayo imekwisha kutoa mengi.

Sasa na ichukuliwe mifano mitatu ya mambo ambayo mwanafunzi anaweza kukabiliana nayo katika eneo hilo na ambayo mihuri haimsaidii.

Mfano wa kwanza ni nyiso. Miongoni mwa Wakipsigis, mafunzo na nyimbo za menjoni, yaani makazi ya wari, ni siri ya waliopitia jando. Siri hiyo ina mipaka ya jinsia pia: ya wanaume haiambiwi wanawake, wala ya wanawake haiambiwi wanaume. Bibi anaweza kumwimbia mtafiti wa kike jioni mojawapo kwa sababu amempenda kama mjukuu, asijue kwamba wimbo huo utakaa mahali ambapo kila mwenye simu ataufikia. Zaidi ya hayo, kuna sheria. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 haimwadhibu ngariba peke yake. Inamtia hatiani pia anayejua kwamba ukeketaji umetendwa au unakusudiwa kutendwa, naye asitoe taarifa. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Bibi anayekumbuka nyimbo za ujana wake hana kosa. Lakini mazungumzo hayana breki. Huenda akataja la mwaka jana. Mtafiti aliyemwahidi kwamba kila atakalosema litabaki siri atakuwa ametoa ahadi ambayo sheria haimruhusu kuitimiza. Ilimpasa aujue mpaka huo na kumweleza bibi kabla ya kuwasha kinasa sauti. Ni wapi katika mtaala wa uzamili anapofunzwa hayo?

Mfano wa pili ni kumbukumbu za machafuko. Chebilat ni soko lililo mpakani mwa Sotik na Borabu, mahali ambapo Wakipsigis na Wakisii hukutana kwa biashara. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mpaka huo uliwaka moto: nyumba zilichomwa na watu wakahama. Masimulizi ya miezi ile ni data yenye thamani kwa mtafiti wa visakale vya kisasa au wa matumizi ya lugha katika migogoro. Lakini mtu anayesimulia ni nani alimficha nani, au ni nani alionekana na mwenge, anaishi hatua chache kutoka kwa anaowataja. Jina lake likichapishwa pamoja na la kijiji chake, tasnifu inageuka kuwa ushahidi asioukusudia, na tena katika msimu wowote wa uchaguzi.

Mfano wa tatu unahusu chai yenyewe. Mwanafunzi anayetafuta nyimbo za kazi huvutiwa na mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, ambako wachumaji huishi katika nyumba za kampuni. Humwandikia meneja, meneja hukubali, na wachumaji huitwa wakaimbe. Je, mchumaji anayejua kwamba kazi na chumba chake vimo mikononi mwa aliyemwita anaweza kusema hapana? Februari 2023 uchunguzi wa shirika la habari la BBC ulionyesha jinsi wakubwa wa kazi katika baadhi ya mashamba hayo walivyotumia mamlaka yao kuwadhulumu wanawake kingono. Zaidi ya wanawake 70 walisimulia. Baada ya habari kama hiyo, hakuna mtafiti anayeweza kudai kwamba neno la meneja ni neno la mchumaji.

Ni vyema ieleweke kwamba mashamba hayohayo yamewahi kupokea watafiti wa aina nyingine. Katika miaka ya 2000 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani, ilifanya utafiti wa virusi vya UKIMWI miongoni mwa wafanyakazi wa chai wa Kericho. Utafiti wa namna hiyo haufanyiki bila kupitishwa na kamati za maadili, na kila mshiriki huelezwa haki zake kabla ya kutia sahihi yake binafsi. Basi mchumaji mmoja anaweza kuulizwa ridhaa na anayetaka tone la damu yake, asiulizwe na anayetaka wimbo wa mama yake.

Hapa ndipo wapinzani wa hoja hii husimama. Husema kwamba tiba huweza kuua, ilhali hakuna aliyekufa kwa kuimba. Ni kweli kwamba kanuni nyingi za maadili ya utafiti zilizaliwa kutokana na maovu ya kitabibu: Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilifuata majaribio ya Wanazi, na ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ilifuata kufichuliwa kwa utafiti wa kaswende wa Tuskegee, ambamo Wamarekani Weusi waliachwa bila tiba kuanzia mwaka 1932 hadi 1972. Lakini mifano ya Sotik inaonyesha kwamba neno nalo huumiza. Huweza kumfikisha mtu mahakamani, kumtenga na rika lake, kumfukuzisha kazi au kumrejeshea uhasama aliokuwa ameuzika.

Kwa upande mwingine, wapo wanaokubali kwamba mafunzo yanahitajika, ila huona kwamba inatosha kumtuma mwanafunzi akafanye kozi ya mtandaoni ya Kiingereza na kuleta cheti. Kozi hizo zina faida, lakini hazikuandikwa kwa ajili ya mtafiti wa fasihi simulizi. Zinasisitiza kuficha jina la mshiriki, jambo ambalo kwa mgonjwa ni kinga. Kwa fanani linaweza kuwa dhuluma. Malenga ambaye wimbo wake umenakiliwa na kuchambuliwa chini ya jina la "Msailiwa wa 7" amenyang'anywa utunzi wake. Katika taaluma hii, swali la jina halina jibu moja: mwimba mashairi ya sifa huenda akataka atajwe kwa herufi kubwa, na msimulizi wa Chebilat huenda akataka asijulikane kabisa. Mwenye kuamua ni wao, na mtafiti anapaswa kufunzwa kuwauliza. Hakuna idara ya tiba itakayoandaa somo hilo kwa niaba ya idara ya Kiswahili.

Pana pia suala la lugha. Fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiingereza ili kamati ya maadili iielewe. Mwanafunzi huitafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Mkalimani, ambaye huenda ni mjukuu wa bibi mwenyewe, huitafsiri tena kwa Kikipsigis. Katika safari hiyo ibara za hatari, manufaa, haki ya kujitoa na hifadhi ya data hudondoka moja baada ya nyingine, na kinachomfikia bibi ni kwamba mgeni huyu anaomba umwimbie. Ni aibu kwa taaluma inayojivunia uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi kwamba jambo la kwanza kabisa analoambiwa mwananchi kuhusu utafiti halijatungiwa maneno mwafaka.

Programu inayopendekezwa haihitaji majengo wala mabilioni. Mwaka 2009 Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilielekeza kwamba mafunzo ya maadili kwa wanafunzi wanaozifadhili yachukue saa zisizopungua 8, na kwamba kozi ya kompyuta peke yake haitoshi pasipo majadiliano ya ana kwa ana. Saa 8 ni siku mbili za warsha. Idara ya Kiswahili inayoweza kuandaa kongamano inaweza kuandaa siku mbili hizo.

Kwanza, mafunzo yatolewe kabla ya pendekezo la utafiti kutetewa, ili yaathiri maswali yenyewe na uteuzi wa wasailiwa. Yakitolewa baadaye yatakuwa muhuri mwingine tu. Pili, idara ziandae faharasa ya istilahi za maadili ya utafiti kwa Kiswahili na maelezo sanifu ya ridhaa yanayoweza kusomwa kwa sauti, kisha yatafsiriwe mapema katika lugha ya jamii husika kwa msaada wa wenyeji. Ridhaa yenyewe iweze kutolewa kwa mdomo na kurekodiwa. Mzee aliyewaona watu wakipoteza shamba kwa kutia kidole karatasini ana sababu ya kuiogopa karatasi. Tatu, wazee na mafanani waalikwe chuoni kama wakufunzi, waeleze ni nini katika utamaduni wao husimuliwa hadharani na ni nini hunong'onwa. Wasani wa Afrika Kusini walikwisha kuonyesha njia: Machi 2017 walitangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakidai heshima, uaminifu, haki, kujaliwa na kufuatwa kwa taratibu zao. Nne, maktaba zikubaliane na idara kuhusu viwango vya ufikiaji, ili nyimbo za siri zisikae mahali pamoja na methali. Tano, wahadhiri wasimamizi nao wahudhurie, maana mwanafunzi hujifunza maadili kwa kutazama ni swali gani msimamizi wake huuliza kwanza anaporudi kutoka nyanjani.

Itasemwa kwamba haya yatamchelewesha mwanafunzi ambaye tayari anahangaika na karo na makataa. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo maana kinachopendekezwa ni elimu, wala si fomu nyingine. Fomu hurefusha njia. Elimu humwezesha mtafiti kujua mapema ni njia ipi asiipite, na huenda ikamwepusha na kurudi nyanjani mara ya pili kwa sababu fanani aliyeudhika amefunga mlango.

Limebaki suala la marejesho. Mkulima mdogo wa chai wa Sotik anapopeleka majani kituoni, kilo zake hupimwa mbele yake, hupewa risiti, na mwishoni mwa mwaka hungoja bonasi. Huenda akalalamika kwamba bonasi ni ndogo, lakini analo la kulalamikia, na ushahidi anao. Aliyetoa ngano kumi na nyimbo ishirini hana risiti. Leseni ya utafiti humtaka mwanafunzi awasilishe nakala ya ripoti yake kwa NACOSTI. Haingekuwa vigumu kwa idara kumtaka apeleke nakala nyingine, iliyofupishwa kwa Kiswahili na kuambatanishwa na sauti zilizorekodiwa, kwa familia ya fanani na kwa shule iliyo karibu. Kuna watoto ambao hawatazisikia tena sauti za nyanya zao isipokuwa katika rekodi hizo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni wa aina yake, kwa kuwa huja mikono mitupu na kuondoka amejaa. Tasnifu hupimwa kwa upya wa hoja, usahihi wa nadharia na ufasaha wa lugha, na vipimo hivyo vina nafasi yake. Idara ya Kiswahili itakayokuwa ya kwanza kuongeza swali la nne, yaani mwenyeji aliachwa katika hali gani, itakuwa imeanza kuijenga programu hii hata kabla ya kutafuta fedha zake.